Kikohozi Kizuiwe Kinapotoka



Mwezi huu tuache kidogo habari za maharage na mihogo. Tuzungumze juu ya afya ya mkulima mwenyewe. Mkulima mgonjwa halimi, na asiyelima hana mavuno.

Ugonjwa wenyewe ni kifua kikuu. Huenea kwa hewa. Mgonjwa anapokohoa, matone madogo hutoka kinywani. Ndani yake mna vijidudu vya ugonjwa. Matone hayo hukauka upesi, yakawa madogo sana, hata macho hayayaoni. Huweza kuelea chumbani kwa saa nyingi. Anayevuta hewa hiyo anaweza kuambukizwa.

Kwa hiyo, ukienda hospitali ya Kasulu au Kibondo ukiwa na kikohozi, unaweza kupewa barakoa ya kufunika pua na mdomo. Watu wengine huuliza: Kwa nini avae mgonjwa? Kwa nini tusivae sisi wazima peke yetu?

Mkulima wa milimani analijua jibu. Maji ya mvua huzuiwa wapi? Huzuiwa juu ya shamba, kwa makinga maji, yakiwa bado kidogo. Ukiyangoja bondeni, yatakuwa yamekwisha chukua udongo. Kikohozi nacho ni hivyo. Matone yanapotoka kinywani bado ni makubwa, na barakoa huyanasa kwa urahisi. Yakisha kauka na kutawanyika, barakoa ya kawaida haiyazuii vizuri. Ndiyo maana wauguzi huhitaji barakoa ya namna nyingine, inayobana uso pande zote.

Je, jambo hili limepimwa? Ndiyo. Lilipimwa Afrika Kusini, na matokeo yakatangazwa mwaka 2012. Hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu ilipelekwa katika vyumba viwili vya simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa kama sungura. Kila chumba kilikuwa na simbilisi 90. Siku moja wagonjwa walivaa barakoa, na hewa ikaenda chumba cha kwanza. Siku ya pili hawakuvaa, na hewa ikaenda chumba cha pili. Wakaendelea hivyo kwa miezi mitatu. Chumba cha barakoa waliambukizwa simbilisi 36. Chumba kisicho na barakoa waliambukizwa 69.

Barakoa basi hupunguza hatari, lakini haiimalizi. Kwa hiyo tufanye mambo haya:

1. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda zahanati ukapimwe makohozi. Usingoje.

2. Ukipewa barakoa, vaa. Funika pua na mdomo. Usiishushe kidevuni unapozungumza na jamaa.

3. Ukikosa barakoa, kohoa ndani ya kitambaa au kiwiko.

4. Fungua madirisha mchana. Upepo huondoa hewa yenye vijidudu.

5. Meza dawa mpaka mganga aseme basi. Matibabu ya kawaida ni miezi 6, na dawa hutolewa bure. Dawa ndizo zinazoua vijidudu.

Jambo la mwisho ni letu sisi wazima. Tusimcheke aliyevaa barakoa, wala tusimkimbie. Akiona aibu ataivua, na watakaoumia ni watoto wetu. Yeye anatukinga sisi. Tumpe kiti karibu na dirisha, na tumsaidie kulima shamba lake mpaka apone.

Kinga ni bora kuliko tiba.

Bwana Shamba