Si kila tumbo hupatana na maziwa, na sababu ni urithi

KATIKA wadi ya Gatuanyaga, mashariki mwa mji wa Thika, Wakikuyu na Wakamba wameishi kwa ujirani miaka mingi, na pamoja nao wamo watu wa jamii nyingine waliofuata kazi za viwandani na katika mashamba makubwa. Wote hunywa maziwa, ya pakiti au ya ng'ombe wa jirani. Hata hivyo, maziwa yaliyokamwa kwa ng'ombe mmoja humshibisha huyu, na kumwacha yule akiunguruma tumbo, akijaa gesi na kuhara.

Mara nyingi anayepatwa na hali hiyo hudhaniwa kuwa na vidonda vya tumbo, au huambiwa kwamba anadeka. Huenda hana lolote kati ya hayo. Kwa watu wengi chanzo ni urithi waliozaliwa nao, na Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako urithi huo umechunguzwa kwa makini zaidi.

Maziwa yana sukari yake, iitwayo laktosi. Ili iingie katika damu, sukari hiyo sharti ivunjwe ndani ya utumbo mdogo na kimeng'enya kiitwacho laktesi. Kila mtoto mchanga mwenye afya anacho kwa wingi. Baada ya kuachishwa ziwa, mwili wa binadamu huanza kukipunguza, kama ilivyo kwa wanyama wengine wanyonyeshao. Laktosi isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha na kuleta gesi na kuhara.

Takriban thuluthi mbili ya watu wazima duniani wako katika hali hiyo. Kwa hiyo, anayeendelea kunywa maziwa mabichi kwa wingi ukubwani bila kuumwa ndiye aliyebadilika, wala si yule anayeumwa.

Mwaka 2002, watafiti nchini Finland walitambua badiliko katika vinasaba ambalo huwawezesha Wazungu wengi kuendelea kutengeneza laktesi maisha yao yote. Ilipochunguzwa damu ya wafugaji wa Afrika Mashariki, badiliko hilo halikueleza uwezo wao wa kunywa maziwa. Profesa Sarah Tishkoff na wenzake waliwapima watu 470 wa Kenya, Tanzania na Sudan, kutoka jamii 43. Matokeo yao, yaliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2006, yalionyesha mabadiliko mengine matatu. Lililoenea zaidi nchini Kenya na Tanzania lilikadiriwa kuzuka kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita.

Maana yake ni kwamba Mwafrika hakuazima uwezo huo Ulaya. Palipokuwa na mifugo, ukame na njaa, aliyeweza kunywa maziwa bila kuhara alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi na kuzaa, naye akawarithisha wanawe. Ndiyo sababu uwezo huo hupatikana zaidi kwa jamii za wafugaji. Lakini jamii zimeoana kwa karne nyingi, na hata ndani ya nyumba moja ndugu wanaweza kutofautiana. Jina la kabila halitoshi kumwambia mtu hali ya tumbo lake.

Ushahidi wa kale unaongeza jambo jingine. Katika kilima cha Lukenya, Kaunti ya Machakos, ukoga uliogandamana kwenye meno ya watu walioishi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita ulipatikana na chembechembe za maziwa, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2021. Lakini katika mifupa ya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, ambayo vinasaba vyake vilitangazwa mwaka 2019, ni mmoja tu aliyeonekana kuwa na badiliko hilo. Aliishi kaskazini mwa Tanzania yapata miaka 2,000 iliyopita.

Ni dhahiri basi kwamba watu walitumia maziwa muda mrefu kabla ya uwezo huo kuenea. Njia mojawapo ya kufanya hivyo ingalipo hadi leo, nayo ni kugandisha. Bakteria wa maziwa lala, na wa mursik ya Wakalenjin, hula sehemu ya laktosi kabla mnywaji hajayagusa, na hivyo kulipunguzia tumbo mzigo.

Mambo haya yana uzito katika sera. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alianzisha mpango wa maziwa ya bure katika shule za msingi, maarufu kama maziwa ya Nyayo, na kila mtoto alipewa pakiti ya mililita 200. Kipimo hicho kina takriban gramu 10 za laktosi, kiasi ambacho wengi wasio na laktesi ya kutosha hukistahimili, hasa wakinywa pamoja na chakula. Kwa hiyo, mpango wa aina hiyo si kosa. Kosa ni kumlazimisha au kumwaibisha mtoto anayelalamika tumbo, ilhali angeweza kupewa kidogo zaidi au ya kuganda.

Tahadhari moja inafaa. Si kila kuhara baada ya maziwa ni suala la urithi. Maziwa yasiyochemshwa huweza kubeba vijidudu hatari, na anayeendelea kuumwa anapaswa kumwona daktari.

Maziwa ni chakula chenye protini na madini ambayo familia nyingi hazina njia rahisi ya kuyapata kwingine. Kwa mkazi wa Gatuanyaga ambaye kikombe kimoja humsumbua, kuyaacha kabisa ni hasara isiyo ya lazima, na kujilazimisha ni mateso ya bure. Nusu kikombe pamoja na mlo, au bilauri ya maziwa lala, huenda ikampatanisha na chakula alichodhani ni adui yake.