Kilwa: Balo za nguo zikikatazwa, duka za familia zitaishi namna gani?

Tangu Congo yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, swali moja linafaa kuulizwa mapema: je, na sisi siku moja tutakataza mitumba? Huku Kilwa, pembeni ya ziwa Moero, hilo si swali la wanasiasa tu. Duka la nguo ni kazi ya familia nzima: baba anatafuta balo, mama anachagua na kupanga bei, watoto wanasaidia wakitoka masomo. Balo moja ikiuzwa vizuri, minerval imepatikana.

Ndani ya balo kunatoka jini, mikanda mipana, bote za ngozi, mara mara hata kofia ya kauboi. Mtindo huo si mgeni kwetu. Miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville walioitwa Bills walivaa sawa kauboi wa sinema. Farasi tu ndio hawakufuata, juu mbung'o anawaletea ugonjwa unaowaua. Kule Marekani duka la namna hii linauza nguo pamoja na matandiko ya farasi. Huku kwetu mteja wa bote anatafuta pia mipira ya kufungia mizigo kwenye kinga. Kinga ndiyo farasi yetu.

Tuangalie majirani. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya zilikubaliana kuondoa mitumba pole pole. Marekani ilipotisha, Kenya, Uganda na Tanzania zilirudi nyuma. Rwanda iliendelea: ushuru ulipanda kutoka dola 0,20 mpaka 2,50 kwa kilo moja. Mwaka 2018 Marekani ikaanza kutoza ushuru nguo zinazotoka Rwanda.

Sababu ya kukataza inaeleweka: viwanda vya nyumbani vipate kuishi. Lakini kwetu kiwanda kiko wapi? Filtisaf ya Kalemie, iliyokuwa inafuma vitambaa, ilikufa zamani. Ukifunga balo mbele ya kufungua kiwanda, mteja hatavaa nguo ya Congo. Atanunua ile mpya ya bei ya chini kutoka Asia, ao balo itavuka ziwa usiku, kwani Zambia iko ng'ambo tu. Hapo serikali inapoteza ushuru, na mwenye duka anapoteza pesa kwa kila anayemsimamisha njiani.

Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 inasema biashara ndogo ndogo ni ya Wakongomani. Ni vizuri, lakini kuachiwa biashara bila kulindwa haitoshi. Wabunge wa Haut-Katanga wanaweza kuanzia karibu: taksi zote ziandikwe wazi pale bandarini, na kila franka itolewe na risiti. Kisha tuzungumze pamba, mashine na washonaji. Kufunga balo kuje nyuma ya hayo yote.