Karakana inahitaji fedha za kuunguza

Kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5 huungua kwa dakika moja hivi. Mwanafunzi anayeshika mashine kwa mara ya kwanza hafiki hata hapo. Kijiti kinaganda kwenye chuma, anakivuta, kinavunjika, anachukua kingine. Mpaka sikio lake lizoee mlio wa moto uliotulia, ule wa dagaa ndani ya mafuta, ameshamaliza vijiti kumi na mshono wake bado ni madonge. Mkono haujui kitu ambacho haujakifanya.

Sasa zidisha kwa darasa zima. Wanafunzi 40, vijiti 10 kila mmoja, ni vijiti 400. Kilo moja ina vijiti 50 hivi, kwa hiyo kipindi kimoja cha mazoezi kinakula kilo nane. Bado skwea paipu, bado disiki za grinda, bado umeme wa LUKU. Nafundisha uchomeleaji katika sekondari yenye mkondo wa amali, na hesabu hii ndiyo inayoninyima usingizi.

Serikali imefanya jambo kubwa na nalisema kwa moyo mmoja. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeirudisha amali katika sekondari, na Januari 2024 wanafunzi wa kwanza wa mkondo huo waliingia kidato cha kwanza. Karakana zinajengwa, mashine zinaletwa. Lakini jengo hugharamiwa mara moja likasimama miaka 30. Vijiti vinataka fedha kila muhula, na havina siku ya kuzinduliwa.

Elimu bila ada ilipoanza 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari ilipangwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nusu yake ikiwa ya vitabu. Hicho ni kiwango cha shule ya chaki na daftari. Kitabu cha Historia kikinunuliwa leo, mdogo wake mwanafunzi atakuja kukisoma. Kijiti nilichonunua leo, leo hii kimekwisha.

Vifaa vikikosekana, mwalimu huchomelea peke yake huku darasa limemzunguka, vinyago vitatu vikipokezanwa. Jumamosi napita kwa mafundi wa mageti kuomba mabaki, nao hunipa bila kinyongo. Ila mabaki hayo yana kutu, yana rangi, na unene wake umechanganyika. Chuma chembamba kinatoboka, na mwanafunzi hajui kama kosa ni la mkono wake au la chuma. Mzazi mmoja, naye fundi, alinisimamisha getini akauliza: "Mwalimu, huyu kijana wangu mbona mikono yake haina hata alama moja ya cheche?" Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Fedha zipo, na ziko karibu kuliko tunavyodhani. Mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara anayolipa. Theluthi moja huenda VETA. Theluthi mbili hubaki Hazina, na zimesaidia mikopo ya elimu ya juu. Simtakii mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu akose mkopo. Mtoto wa dada yangu amesoma kwa mkopo huo. Najua pia kwamba kapu limepungua, maana kabla ya 2013 tozo ilikuwa asilimia 6. Hata hivyo, kijana wa kidato cha nne anayekwenda kubisha hodi kiwandani anaajiriwa na walipa tozo haohao, na ndio wanaolalamika kwamba anakuja na cheti bila kazi mkononi. Wana haki ya kulalamika.

Ninachoomba ni sehemu ya hizo theluthi mbili itengewe kasma ya malighafi za mazoezi katika sekondari za amali, na isihamishiwe kwenye tofali wala rangi ya jengo. Kiwango kifuate fani, kwa sababu uchomeleaji, umeme wa majumbani na ushonaji havili sawa. Fedha ziingie muhula unapofunguliwa. Wale wa Januari 2024 watafanya mtihani wa kidato cha nne 2027, na mkono hauwezi kufundishwa kwa wiki mbili za mwisho.

Najua swali litakaloulizwa: vitu vinavyoungua vitakaguliwaje? Stoo ya karakana ina daftari la kutoa vifaa, na kila mwanafunzi anaweza kutunziwa kipande chake cha majaribio cha kila mwezi, kilichogongwa namba yake. Mkaguzi avipange mezani kuanzia kidato cha kwanza, avisome mshono kwa mshono.