Wivu Haushiki Panga

Kiswahili kina namna yake ya kumficha muuaji, nasi tujiitao wapenzi wa lugha ndio tulioizoea kuliko wengine. Tazama sentensi hizi, ambazo kila msomaji wa magazeti yetu amekwisha kukutana nazo: hasira zikampanda, shetani akampitia, akajikuta ameshika panga. Tuzichambue kama tulivyokuwa tukichambua ubaoni. Katika ya kwanza kiima ni hasira, na mume aliyeua ni yambwa. Yeye ndiye aliyepandwa. Katika ya pili mtenda ni shetani, na mume amepitiwa tu, kama mtu aliyeketi kando ya njia. Katika ya tatu kiima hatimaye ni mume, lakini kitenzi ni cha kujirejea, na mtu huyo anaonekana kushangazwa na mkono wake mwenyewe. Panga limefikaje mkononi? Sarufi haisemi. Mke, ambaye ndiye aliyekufa, hayumo katika hata sentensi moja.

Zamani ubovu huu ulikuwa wa safu moja gazetini, na kesho yake gazeti likafungiwa vitumbua. Leo umepewa saa nyingi za sauti. Podikasti za mauaji ya kweli zimekuwa burudani ya daladala na ya jikoni, na mauaji ya ndani ya familia yana soko lake la pekee: mume na mke, mtoto na wazazi, ndugu na urithi. Wasimulizi wetu wa Kiswahili wameuiga mtindo huo kutoka ng'ambo, pamoja na muziki wake wa chini chini na kimya chake cha kabla ya jina kutajwa. Nasema bila kuuma maneno kwamba podikasti hizi zina upendeleo ulioshonwa ndani ya ufundi wenyewe, na kwamba kule kuzisifu kuwa ni uandishi wa habari za uchunguzi kumetuziba masikio tusiusikie.

Sitachukua mfano dhaifu. Nachukua ile iliyosifiwa kuliko nyingi. Mwezi Mei 2018 gazeti la The Australian lilianza kutoa podikasti ya mwandishi wake Hedley Thomas, iitwayo The Teacher's Pet. Ilimhusu Lynette Joy Simms, muuguzi na mama wa watoto wawili wa kike, aliyetoweka nyumbani kwake Bayview, Sydney, Januari 1982, akiwa na umri wa miaka 33. Mumewe, Chris Dawson, alikuwa mwalimu wa michezo na mchezaji wa zamani wa raga. Alikuwa na uhusiano na msichana aliyekuwa mwanafunzi katika shule aliyofundisha, na siku chache baada ya mke kutoweka msichana huyo alihamia katika nyumba ile ile. Podikasti ilipakuliwa mamilioni ya mara duniani kote, na mwaka huohuo ikapata tuzo ya dhahabu ya Walkley, ambayo ndiyo kilele cha tuzo za wanahabari wa Australia. Desemba 2018 Dawson alikamatwa. Agosti 2022 alitiwa hatiani kwa mauaji, na Desemba yake akahukumiwa kifungo cha miaka 24.

Mtu atauliza ubaya uko wapi hapo. Muuaji amepatikana, tuzo imetolewa, sasa mwalimu mstaafu analalamikia nini?

Nianze na jina. Katika Kiingereza, maneno hayo yana maana ya kipenzi cha mwalimu, mwanafunzi anayependelewa darasani. Basi mwanamke aliyeuawa hayumo katika jina la habari ya kuuawa kwake. Aliyemo ni mwalimu, na pembeni yake msichana wa miaka 16 aliyepewa cheo cha utani wa shuleni. Nimekaa katika ofisi za walimu zaidi ya miaka thelathini, nami najua jinsi neno kama hilo linavyochekewa pale, na jinsi kicheko hicho kinavyomlinda mwenye chaki. Mwaka 2023 mahakama ilimtia Dawson hatiani kwa kosa la kingono alilomtendea mwanafunzi wake mwaka 1980. Sheria ililiita kosa. Mwandishi, aliyedai kuwatetea wanawake wa habari hiyo, alichagua jina lenye kuvutia sikio. Sidhani alikusudia dharau. Hilo ndilo linalonisumbua, kwani mtu anayekusudia unaweza kumshitaki kwa kusudi lake, ila aliyevutwa na mlio wa maneno humpati kwa urahisi.

Kisha upande. Mwandishi hakuficha kwamba aliamini mume ndiye aliyeua. Kipindi baada ya kipindi, majirani, jamaa na wanafunzi wa zamani waliletwa kuzungumza, na wasikilizaji wakapeleka habari mpya, ambazo nazo zikaingizwa katika vipindi vilivyofuata. Watu ambao kesho wangekuwa mashahidi mahakamani walikuwa leo wakisikiliza maelezo ya wenzao, pamoja na ufafanuzi wa mtangazaji juu ya maana ya maelezo hayo. Ilizungumzwa habari ya mahali ambapo huenda mwili ulizikwa, kuzunguka bwawa la kuogelea la nyumba ile. Septemba 2018 polisi walichimba pale kwa siku kadhaa. Hawakupata kitu. Mwili haujapatikana hadi leo. Hata hivyo sina shaka kwamba wapo maelfu ya wasikilizaji ambao vichwani mwao bwawa lile lingali na kaburi kando yake.

Septemba 2020 Jaji Elizabeth Fullerton aliisimamisha kesi kwa miezi tisa kwa sababu ya kelele iliyoletwa na podikasti, na hakumung'unya maneno juu ya mwenendo wa aliyeitengeneza. Kesi ilipokuja kusikilizwa mwaka 2022, ilisikilizwa na Jaji Ian Harrison peke yake, bila juri, yaani bila wale raia kumi na wawili ambao desturi ya nchi ile huwapa kazi ya kuamua mambo ya mauaji. Harrison alimwona Dawson ana hatia, kwa ushahidi wa kimazingira na kwa uongo wa mshitakiwa mwenyewe kuhusu simu alizodai kupigiwa na mkewe. Na jaji huyohuyo aliyemfunga muuaji alieleza kwamba podikasti haikuwa na mizani, na kwamba huenda ilipunguza manufaa ya ushahidi wa baadhi ya watu.

Mizani! Mshairi akipunguza silabi moja katika kipande tunamrudishia shairi lake. Mwandishi wa habari akipunguza upande mzima tunampa dhahabu.

Najua jibu ninaloandaliwa. Litasema kwamba bila podikasti mwanamke yule angesahaulika, na jibu hilo lina uzito wake. Mahakama za uchunguzi wa vifo zilikaa mara mbili, mwaka 2001 na 2003, zikapendekeza mume ashitakiwe, na ofisi ya mashtaka haikumshitaki. Jamaa za marehemu walipiga mlango kwa miaka karibu arobaini. Aliyepaza sauti yao alitenda jambo, wala simnyimi. Lakini tusimpe na yasiyo yake: polisi walikuwa wameufungua upya uchunguzi tangu 2015, miaka mitatu kabla ya kipindi cha kwanza kutoka. Na hapa watetezi wake husahau jambo moja zito. Mawakili wa Dawson hawakuomba kesi isimamishwe kwa miezi tisa. Waliomba ifutwe kabisa, isisikilizwe milele, wakiitumia podikasti kuwa sababu mojawapo. Lau wangekubaliwa, mtu aliyeua angelala nyumbani kwake hadi kufa, na waliomfungulia mlango wangekuwa walewale waliojitangaza kuwa wanamsaka. Haki ilinusurika, na anayetumia kunusurika kwake kuisafisha podikasti ni sawa na dereva mlevi anayejisifu kwamba abiria wamefika.

Sasa niingie katika lugha yenyewe, maana ndiko tulikokutania.

Podikasti imeumbwa kwa sauti, na maiti hana sauti. Uonevu wa kwanza ni huo, nao hautibiki kwa nia njema. Katika mauaji ya mtaani au ya wizi, mashahidi wanaweza kuwa wapita njia. Katika mauaji ya familia kila anayezungumza ni mfiwa, na pengine ni mrithi, na pengine ni mtuhumiwa, na pengine ni vyote vitatu. Aliye hai, aliye tayari kuongea, mwenye sauti tamu, ndiye anayepata dakika nyingi. Upendeleo huo unaweza kuegemea upande wowote. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Agosti 1985 watu watano wa familia moja waliuawa kwa risasi katika nyumba ya shambani ya White House Farm, Essex, Uingereza: Nevill na June Bamber, binti yao Sheila Caffell, na watoto pacha wa Sheila, wa miaka sita. Sheila aliugua maradhi ya akili, na magazeti yalimbebesha hatia kabla hajazikwa. Oktoba 1986 mahakama ilimtia hatiani kaka yake, Jeremy Bamber, ambaye hadi leo anakana. Hukumu huweza kukosea, na kuichunguza si dhambi. Ila mtazame mpangilio: Bamber yu hai, ana mawakili na ana watu wa kumpigania. Kila kipindi kinachoitilia shaka hukumu yake hulazimika kumfufua Sheila na kumkabidhi tena bunduki mbele ya wanawe, naye hana wa kumpigia simu mtangazaji.

Uonevu wa pili ni wetu wenyewe, nao unakaa katika kiambishi cha -ka-. Msikilize msimulizi wa Kiswahili anapofika penye usiku wa mauaji: Alirudi saa nne, akamkuta mkewe jikoni, wakagombana, akamsukuma, akaanguka, akaogopa, akamburuta nje. Ni sentensi nzuri. Inateremka kama maji. Lakini ni nani aliyeyaona hayo? Pengine kilichothibitishwa ni kitenzi cha kwanza tu, kile chenye -li-, kwa sababu jirani alisikia gari. Vilivyobaki vimeninginia juu yake, kila kimoja kikiazima ukweli wa kilichotangulia, na kila kimoja kikidokeza kwamba kilisababishwa na kilichotangulia. Tenzi zetu kuu zimejengwa kwa -ka- hiyohiyo, na ni halali yake, kwa kuwa mtunzi wa utenzi na hadhira yake wamekwisha kukubaliana juu ya kisa. Msimulizi wa mauaji hajakubaliana na mtu. Yeye anaichukua heshima ya utenzi na kuitumia kupitishia dhana zake.

Na kumbe! Hakuna hukumu iliyo fupi kuliko neno hilo. Kumbe mume alikuwa na bima. Kumbe mke alikuwa na simu ya pili. Silabi mbili, na mtu amekwisha kuhukumiwa, pengine marehemu mwenyewe. Wenye adabu kidogo huanza na inadaiwa, lakini nimesikiliza vya kutosha kujua kwamba inadaiwa huchoka mapema. Katika kipindi cha kwanza ipo kila mahali. Kufika cha tatu imekwisha kuaga, na hakuna aliyetangaza kwamba madai yamethibitishwa.

Halafu kuna wivu wa mapenzi. Washairi, hapa sikuachieni mpite. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenzi wao au na watu wa familia zao, na bara letu ndilo lililokuwa na kiwango cha juu zaidi kulingana na idadi ya watu. Januari 2024 wanawake wa Kenya waliandamana Nairobi na miji mingine kuyapinga mauaji hayo. Nasi, tulio walinzi wa msamiati, tumeliacha neno mapenzi lisimame kizimbani kwa niaba ya wauaji. Kichwa cha habari kinasema ameua kwa wivu wa mapenzi, na msikilizaji anatikisa kichwa kwa huruma, kwa sababu tumemfundisha kwa beti zisizohesabika kwamba mapenzi huchoma, hutia wazimu, huua. Sitamki kwamba beti hizo ziliua mtu. Natamka kwamba mwandishi wa habari mvivu amezikuta ghalani, akazichukua bila kuuliza, nasi hatukumdai. Wivu haushiki panga. Anayelishika ana jina, ana kabila la nafsi ya tatu umoja, na kiambishi chake ni a-.

Kwa hiyo madai yangu kwa wanaotengeneza vipindi hivi kwa Kiswahili ni ya kisarufi. Kisichoshuhudiwa kisisimuliwe kwa -ka-. Inadaiwa idumu hadi hukumu, hata ikichosha masikio. Kiima cha kitenzi ua kiwe mtu, pale ambapo mahakama imekwisha kumtaja mtu huyo. Na marehemu atajwe kwa jina lake, wala si kwa cheo cha mke wa fulani.

La mwisho silitoi kichwani mwangu. Baada ya hukumu ya Agosti 2022, kaka wa marehemu aliomba nje ya mahakama kwamba tangu siku ile dada yake aitwe Lynette Joy Simms, jina alilozaliwa nalo, badala ya lile alilopewa na ndoa. Nimelifuata ombi hilo tangu aya ya tatu ya makala hii. Podikasti ingali inaitwa The Teacher's Pet.