Kuvuta Tela Siyo Ishu, Ishu ni Kusimama!

Nimekuwa kimya kidogo, si mnajua tena mambo ya TP. Niko huku Singida nafundisha Fizikia, chaki mkononi na vumbi kichwani, na upepo wa huku si wa mchezo. Leo sina stori za bumu wala za nani kadisko. Leo nataka tuongelee matela.

Ndiyo, matela! Yale yanayofungwa nyuma ya magari madogo ya zamani, Mark II, Cresta, na Peugeot 504 moja moja ambazo bado zinapumua. Humo utakuta vitunguu, alizeti, matangi ya maji, mabati, hata mbuzi. Ubishi wa vijiweni kuhusu haya matela una makundi mawili. La kwanza linasema gari ya kazi ni ya zamani inayosukumwa na tairi za nyuma, hizi IST na Probox ni za kwendea harusini. La pili linasema matela yote ya magari madogo yapigwe marufuku, yanaua watu. Mimi nadhani makundi yote mawili yanabishania kitu ambacho sicho.

Tuanze na haki ya wazee. Hizi gari zimeheshimika Afrika Mashariki kwa sababu. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404. Ikaja 504, ikashinda mwaka 1975 na tena 1978. Ile 504 ya stesheni wageni ilitengenezwa kwa mzigo kweli: ndefu kuliko saluni, ekseli ya nyuma ya moja kwa moja, na springi nne nyuma badala ya mbili. Kenya walisafirisha nazo abiria safari ndefu miaka na miaka. Baadaye Mjapani akatuletea Mark II. GX100 ya mwaka 1996 hadi 2000, silinda sita, propela shafti chini, difu nyuma. Mashine!

Na fizikia inawaunga mkono. Gari ikipanda mlima, sehemu ya uzito inahamia nyuma. Ukiongeza mkono wa tela unaokandamiza nyuma ya buti, tairi za nyuma zinazidi kushika lami. Kama hizo ndizo zinazosukuma gari, umepata faida. Kwenye Probox inayovutwa na tairi za mbele ni kinyume: mbele kunakuwa kwepesi, tairi zinateleza, unabaki unapiga resi tu mlimani. Kwa hiyo kundi la kwanza hawasemi uongo.

Lakini jamani, mlima una pande mbili! Atakayepanda Sekenke akitokea Shelui na tela la mzigo, kuna siku atashuka Sekenke na tela la mzigo. Wakati wa kushuka hakuna anayekuuliza difu iko wapi. Swali ni moja: nani anasimamisha hiyo tani iliyoko nyuma yako?

Tupige hesabu kama darasani. Gari na dereva wake, kilo 1,350. Tela tupu kilo 250. Gunia nane za vitunguu za kilo 100, hapo una kilo 800. Jumla kuu ni kilo 2,400. Breki zilizopo ni za gari tu, tela halina. Kama gari peke yake ikiwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa ilikuwa inasimama ndani ya mita 30, sasa, kwa nguvu ileile ya breki, inahitaji kama mita 53. Hiyo ni nusu ya uwanja wa mpira! Na hapo ni barabara tambarare. Kwenye mteremko ni zaidi, tena breki zikikanyagwa muda mrefu zinachemka, na breki zilizochemka hazishiki.

Hapo bado sijaleta lumbesa. Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wote tunajua kinachotokea: juu ya gunia wanashonea kilemba, mkulima analipwa gunia moja. Kelele za lumbesa siku zote ni za mkulima kuibiwa, na ni kweli anaibiwa. Ila kuna mtu wa pili anayedanganywa na gunia lilelile, naye ni dereva. Kila gunia likizidi kilo 30 tu, gunia nane zimeongeza kilo 240 ambazo hakuna aliyezihesabu. Mita 53 zinakuwa karibu 59. Mtoto anayevuka barabara pale Misigiri hajui kama gunia lilikuwa na kilemba.

Jambo lingine ni upangaji. Wataalamu wengi hushauri kama asilimia 10 ya uzito wa tela na mzigo wake ikae kwenye ndoano, yaani mzigo uegemee mbele kidogo ya ekseli. Ukijaza nyuma kwa sababu ndiko mlango uliko, tela linanyanyua buti la gari. Tairi za nyuma, zilezile tulizokuwa tunazisifia, zinakuwa nyepesi. Tela linaanza kuyumba kama mkia wa mbuzi, dereva anashtuka anakanyaga breki, gari na tela vinakunjana barabarani. Yaani ile sifa ya gari ya zamani inafutwa na mtu wa kupakia tu!

Na ndoano yenyewe? Mark II haina chesesi kama Land Cruiser, bodi ndiyo kila kitu. Ukichomelea ndoano kwenye bati la chini ya buti ambalo limeshaliwa na kutu, umefunga tani moja kwenye karatasi.

Sasa kundi la pili mtasema, "Si ndiyo maana tunataka marufuku?" Hapana. Mkulima wa Mkalama mwenye gunia nane hawezi kukodi fuso peke yake akabaki na faida. Akisubiri wenzake wakusanye, vitunguu vinaoza au bei ya Misuna inashuka. Tela linampa uhuru wa kufika sokoni siku anayotaka yeye, siyo siku anayotaka dalali. Ukilipiga marufuku hujamwokoa, umemrudisha kwa dalali. Na wengine watabeba usiku bila taa, mbaya zaidi.

Ninachotaka mimi ni kupima. Ulaya tela lisilo na breki zake haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo, na Uingereza pia lisizidi nusu ya uzito wa gari. Tukiichukua hiyo ya nusu, gari yetu ya kilo 1,350 inapata kilo 675. Toa tela tupu 250, zinabaki 425. Gunia nne! Gunia nne za halali, bila kilemba. Unataka nane? Peleka tela lifungwe breki, au nenda trip mbili.

Mafundi wetu siwadharau hata kidogo. Mtu anayeweza kuchukua ekseli ya gari iliyokufa akatengeneza mkokoteni unaokokotwa na ng'ombe miaka kumi, hashindwi kufunga breki kwenye tela. Hajaombwa tu, na mteja hajawahi kuona anachopungukiwa. VETA Singida wapo, wangetoa hata mchoro mmoja: breki, taa za nyuma, mnyororo wa usalama ndoano ikikatika. Trafiki nao, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inalitambua tela, kwa hiyo wasiishie kwenye kioo cha mbele kutafuta stika ya Nenda kwa Usalama. Tela halina kioo, wazunguke nyuma!

Na sisi walimu watarajiwa tuna la kufanya. Kanuni ya pili ya Newton wanafunzi wanaikariri kwa kibao kinachoteleza mezani, wanafaulu, wanasahau. Kumbe baba zao wanaiendesha kila msimu wa vitunguu. Mpe mtoto hesabu ya tela la baba yake, jioni ataifikisha nyumbani.

Haya wadau, wale wa Iramba, Manyoni, Ikungi, na nyie wa Dar mnaokula vitunguu bila kujua vimefikaje, mnasemaje? Gunia nne au nane? Nawasilisha.