Mgeni njoo, mwenyeji apone

Lushoto, mkoani Tanga, watalii kutoka Ulaya humlipa mwongozaji ili watembee kwa miguu siku kadhaa, wakipita msitu wa Magamba na vijiji vya Usambara hadi Mtae. Gari lipo, wanaliacha. Wanafuata hewa ya baridi, utulivu, mashamba ya kabichi na matunda damu, na salamu za watu njiani. Wengi wao kazi zao ni za kukaa kitini kutwa.

Na sisi je? Msikiti uko hatua 500, tunaita bodaboda! Kisha tunapanga foleni kupima presha na sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aupe mwili mazoezi kama kutembea haraka kwa angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Hayo hayana kiingilio.

Basi twende msikitini kwa miguu. Akina mama, tokeni na watoto baada ya Alasiri. Mwenye kisukari avae viatu visivyombana na akague nyayo kila jioni. Anayebanwa kifua asimame, awahi hospitali.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni keshakuja, kupona ni juu yetu, Inshaallah.