Wazee wa Safari Rally, mmekosea adui

Leo sitaandika kuhusu Linux wala simu mpya. Nina hasira kidogo, acheni niitoe.

Kila mwaka Safari Rally ikifika Naivasha, huku Kisumu mazungumzo huwa yale yale. Keti Dunga ukingoja samaki wako, televisheni imewashwa, na hazipiti dakika 10 kabla mzee mmoja hajaanza: "Hizi si gari, ni kompyuta zenye magurudumu. Gari lilikuwa Peugeot. Gari lilikuwa Datsun." Wote wanaitikia. Kisha wananigeukia mimi kijana wa kompyuta, kana kwamba ndiye niliyeharibu!

Haya jaduong', tuhesabu basi.

Joginder Singh alishinda mwaka 1974 kwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Injini ya lita 1.6, kabureta, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma tu, na farasi wake hawakufika 200. Toyota aliyoshinda nayo Elfyn Evans mwezi Machi 2025 ina injini ya lita 1.6 vilevile. Ukubwa ule ule! Ila hii ina turbo, inasukuma magurudumu yote 4, na nguvu yake ni kama mara mbili. Kati ya 2022 na 2024 magari haya yalikuwa hata na mota ya umeme ya kilowati 100, na jumla ikapita farasi 500.

"Lakini ya zamani yalikuwa magumu." Magumu? Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Saba! Mimi nikiandika programu inayoanguka mara 77 kati ya 84 nafukuzwa kazi kabla ya chai ya saa nne. Najua mvua ilikuwa kali. Najua pia njia ilikuwa ndefu, karibu kilomita 5,000, tena barabara ziko wazi, unakutana na lori na ng'ombe, wakati siku hizi kilomita za kushindania hazifiki 400. Hapo nakubali kabisa, mashindano yamepungua. Zamani yalikuja mpaka huku magharibi, yakavuka na kuingia Uganda. Lakini aliyekata njia si gari.

Na hili la madereva wa sasa kudekezwa sitaki kulisikia tena. Enzi zenu timu kubwa zilikuwa na helikopta juu na magari ya mafundi yakifuata nyuma, mnabadilisha vipuri kando ya barabara. Leo gari likivunjika katikati ya mbio, fundi haruhusiwi kuligusa. Ni dereva na mwenzake wa ramani, na spana walizobeba humo ndani, basi.

Sasa nimewapiga vya kutosha. Kuna jambo moja ambalo wazee wana haki, ila wanalilia vibaya.

Ile Lancer ya 1974 ilikuwa ndugu wa gari unaloweza kulinunua. Peugeot 504 iliyoshinda 1975 ilikuwa ndugu wa zile 504 zilizobeba abiria kati ya Nairobi na Kisumu, watu wamebanana kama dagaa. Fundi wa gereji yoyote hapa mjini aliijua ile injini kwa masikio. Alichokiona kwenye mbio Jumapili alikifungua kwa mikono Jumatatu. Tangu 2022 kanuni zinaruhusu gari la daraja la juu lijengwe kwa fremu ya mabomba, halafu livishwe ngozi inayofanana na Yaris. Ukienda dukani kununua Yaris hununui hata robo ya lile.

Na hata hiyo ya dukani imefungwa. Jirani yangu hapa Kisumu alinunua gari lililotumika kutoka Japani, na baada ya miezi michache taa ya injini ikawaka. Fundi wetu, mtu mwenye miaka 30 ya kazi, alibaki ameishika spana hana pa kuipeleka. Nikaja na kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi na programu niliyoiandika mwenyewe. Nikasoma misimbo ya kawaida, ile ya wote. Kosa lenyewe lilikuwa ndani zaidi, kwenye data ya mtengenezaji, na huko mlango una kufuli. Fundi akaniangalia. Nami sikuwa na la kusema.

Hapa ndipo penye adui, wazee wangu. Kompyuta haina kosa. Kosa ni ya kwamba kuna mtu ameficha ufunguo. Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, waliliona hilo na mwaka 2012 wakapitisha sheria ya kumlazimisha mtengenezaji atoe taarifa za ukarabati kwa mafundi wa nje. Sisi tunaoendesha magari ya mitumba tunaihitaji sheria kama hiyo kuliko wao, lakini tunashinda tukibishana kuhusu kabureta!

Pesa za umma zilitumika kuirudisha Safari Rally kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Mashindano hayo yalipoondoka baada ya 2002 mimi sikuwa nimeanza hata darasa la kwanza, kwa hiyo nilifurahi kama wengine. Ila ningekuwa ndiye ninayetia sahihi mkataba, ningedai kitu kimoja zaidi ya vumbi na picha: kila timu ituachie data za gari moja, mbio moja, zipelekwe Kisumu National Polytechnic na kwingineko, vijana wazichambue. Sioni timu itapoteza nini kwa data za mwaka uliopita.

Ile programu yangu ni mistari michache tu ya Python. Nikipata nafasi wikendi hii nitaisafisha kidogo niiweke hapa, fundi yeyote mwenye laptopu aichukue.